Umri wa nyumba ya wageni ya matofali: anzia ukutani, makaratasi baadaye

Mwaka uliochongwa juu ya mlango usiuamini haraka. Mara nyingi ni wa ukarabati, au wa biashara kufunguliwa. Nyumba nyingi za wageni za miji midogo zilianza kama makazi ya familia, zikaongezwa vyumba kadiri wasafiri walivyozidi. Kwa hiyo tafuta tarehe kadhaa, si moja.

Kagua nje asubuhi au jioni, jua likiupiga ukuta kwa ubavu, maana kivuli hufichua kila kasoro. Tafuta mshono wa wima: mahali ambapo kozi, yaani safu za matofali, za pande mbili hazikushikana meno, viungo (nafasi za chokaa au saruji kati ya matofali) vikafuatana moja kwa moja kutoka chini hadi juu. Hapo ukuta mmoja ulibandikwa kwenye mwingine. Upande ambao matofali yake yamemalizwa kama kona kamili ndio mzee. Ulikuwa mwisho wa jengo la kwanza. Dirisha lililozibwa huweza kukudanganya, ila lenyewe lina mishono miwili na tao au linta (boriti ya kubeba ukuta) juu yake.

Kisha pima. Usipime tofali moja, kwa kuwa yaliyofyatuliwa kwa mkono hupishana milimita kadhaa. Pima kozi kumi kwenda juu pamoja na viungo vyake, kwenye kila ukuta. Namba zikiruka ghafla, huenda umefika awamu nyingine. Lakini ukubwa peke yake hautoi mwaka. Uingereza, kwa mfano, ilitoza kodi ya matofali kwa idadi kuanzia 1784 hadi 1850, baadhi ya wafyatuaji wakayanenepesha. Kwingineko kipimo hicho hakikusaidii.

Sasa kwangua kiungo kwa ncha ya msumari. Chokaa hutoka unga, mara nyingi na vibonge vyeupe vidogo ndani, saruji hukataa. Saruji ya Portland ilipewa hataza mwaka 1824 na ikachukua miongo mingi kuenea, basi ukuta wa saruji hiyo mpaka ndani hauwezi kuwa wa kabla ya hapo. Tatizo ni kwamba viungo vingi vya chokaa vilizibwa upya kwa saruji, sentimita mbili tu za juu. Utavijua kwa matofali yanayobanduka uso: saruji ni ngumu mno, maji hukosa njia ya kutokea kwenye kiungo, yanatokea kwenye tofali. Kwangua basi darini au chini ya ngazi, ambako hakuna aliyejali kupendezesha. Jaribio la siki liache. Chokaa hutoa povu, na saruji kuukuu pia.

Ukiwa darini, mulika bomba la moshi. Alama ya mshazari kwenye matofali yake ni paa la zamani lililokuwa chini zaidi.

Makaratasi yasome kwa kurudi nyuma. Anza na hati ya umiliki ya sasa, fuata kila muuzaji hadi wa mwanzo, ndipo utafute leseni za pombe na za kulaza wageni, kwani kwa kawaida zimeandikwa kwa jina la mtu na si la jengo. Kodi ya jengo ikipanda ghafla mwaka fulani, ilinganishe na ule mshono wa wima. Leseni ikiwa kongwe kuliko ukuta, huenda kulikuwa na jengo jingine kiwanjani. Shuka chini utafute mawe ya msingi yasiyolingana na kuta za juu, au yenye weusi wa moto.