Kabla Hujaacha Sigara, Nunua Daftari

Mtu akiketi mbele yangu na kusema, "Sista, kesho naacha sigara," humwomba asiache kesho. Wengi hushangaa, maana walitarajia niwapongeze. Lakini nimekuwa muuguzi mshauri mashariki mwa Nairobi kwa muda wa kutosha kujua kesho hiyo huishia wapi. Huishia saa nne asubuhi, chai inapomiminwa kazini na wenzake wakatoka nje kuvuta. Hana kitu cha kushika, hana neno la kuwaambia, hana dawa mfukoni. Anavuta moja, kisha anarudi kwangu akijiita dhaifu. Si dhaifu hata kidogo. Aliingia siku ngumu bila mpango.

Mpango wenyewe unachukua kama wiki mbili kuuandaa. Fuata hivi.

Hatua ya 1: Andika kila sigara kwa siku saba

Wiki hii usipunguze chochote. Chukua daftari dogo linaloingia mfukoni, na kabla ya kuwasha kila sigara andika saa, mahali, uko na nani, unajisikiaje, halafu upime hamu yako kutoka 1 hadi 5. Nasisitiza kabla ya kuwasha. Ukishavuta, hamu imeshatulia na utaandika "basi tu", na hilo halitatusaidia.

Jijini hapa wengi hatujui tunavuta ngapi kwa sababu tunanunua moja moja. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inataka sigara ziuzwe kwa pakiti isiyopungua kumi, lakini mchuuzi wa peremende pale steji atakuuzia moja na kiberiti atakuazima. Asiye na pakiti hana cha kuhesabu. Mzee mmoja, soja wa usiku kule Industrial Area, aliniambia kwa moyo safi kabisa, "Daktari, mimi huvuta sita tu." Daftari lake lilileta kumi na tatu kwa usiku mmoja. Hakuwa ananidanganya, hakuwa amewahi kuzihesabu.

Sehemu ya ukurasa wake ilisomeka hivi, kwa mwandiko wa kalamu inayokaribia kuisha wino:

"Saa 12:10 jioni, geti, peke yangu, naingia zamu, 2.
Saa 3:30, geti, mwenzangu kanipa, 1.
Saa 8:40 usiku, kibandani, usingizi, 5.
Saa 9:15, kibandani, usingizi, 5.
Saa 10:00, nje, baridi, 4.
Saa 12:30 asubuhi, steji, nangoja matatu, 3."

Hatua ya 2: Tafuta kila sigara inafanya kazi gani

Hii ndiyo hatua watu huiruka, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Keti na daftari lako na ujiulize, kwa kila mstari, sigara hii ilikuwa inanifanyia kazi gani? Ile ya saa 8:40 ilikuwa inamzuia mzee asilale. Ya steji ilikuwa inajaza muda. Ile ya saa 3:30 hakuitamani hata kidogo, ameipa 1, lakini ilikuwa salamu, na kuikataa ni kama kuuacha mkono wa mwenzako hewani.

Kazi tofauti zinataka wafanyakazi tofauti. Ukiweka peremende mahali pa sigara zote, zile za usingizi zitakushinda. Kwa zile sigara za usingizi tulikubaliana azunguke ua mara mbili, anawe uso kwa maji baridi, kisha anywe chai ya tangawizi kutoka kwenye thamosi. Kwa salamu ya mwenzake, alianza kubeba njugu karanga. Akinyooshewa sigara, naye ananyoosha njugu: "Mimi nimeacha, ndugu yangu, lakini karibu." Mkono haukurudi mtupu.

Andika hivyo hivyo kwa zako, mstari kwa mstari. Kama sigara zako nyingi zinafuatana na pombe, au na miraa na muguka pale base, yaani kijiweni, sitakuficha: kwa wiki nne za mwanzo usiende. Sijaona mbadala wa mezani unaoshinda meza yenyewe. Wapigie marafiki simu, wakutane nawe mahali pengine.

Hatua ya 3: Chagua siku

Iwe ndani ya wiki mbili zijazo, la sivyo moyo utapoa. Epuka wikendi ya mwisho wa mwezi mshahara ukiingia, na wiki ya harusi au safari ya kwenda nyumbani. Kwa Waislamu, Ramadhani ni mlango mzuri sana. Mwili wako tayari unakaa takriban saa 13 bila moshi, kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya jioni baada ya kufuturu. Andaa hiyo jioni.

Siku ukishaichagua, piga hesabu. Kwa mfano tu, sigara nane kwa siku kwa shilingi 20 kila moja ni 160, na kwa mwezi ni 4,800. Weka bei na idadi yako halisi. Kuanzia siku hiyo, kila jioni weka kiasi hicho kwenye M-Shwari, akiba ya simu, au kwenye kibubu, na uwe umeshaamua kitanunua nini.

Hatua ya 4: Zungumza kuhusu dawa

Jiulize swali moja: baada ya kuamka, sigara ya kwanza huja baada ya dakika ngapi? Ikiwa ni ndani ya dakika 30, uraibu wako wa nikotini ni mkubwa na nia peke yake itakuchosha bure. Dawa zipo. Shirika la Afya Duniani liliingiza chingamu na vibandiko vya nikotini kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Watu huniuliza kwa nini nitibu nikotini kwa nikotini. Nikotini ndiyo inayokufunga, lakini saratani na magonjwa mengi ya mapafu huletwa na vile vingine vilivyomo kwenye moshi. Kibandiko kinakupa nikotini polepole bila moshi, halafu unaishusha kidogo kidogo.

Kwa kawaida anayevuta zaidi ya kumi kwa siku huanza na kibandiko cha miligramu 21, na wa kumi au chini yake huanza na 14. Bandika kipya kila siku unapoamka, kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, begani au kifuani, na ubadilishe mahali kila siku. Anayefanya kazi usiku aanze anapoamka yeye, hata kama ni saa kumi jioni. Chingamu ni ya hamu ya ghafla: ya miligramu 4 kwa anayevuta ndani ya nusu saa ya kuamka, ya 2 kwa wengine. Vyote viwili pamoja hufanya kazi vizuri kuliko kimoja.

Chingamu hii haitafunwi kama Big G ya dukani, na hapa ndipo wengi huiharibu. Itafune polepole mpaka usikie mwasho, iegeshe kati ya shavu na ufizi, ngoja mwasho utulie, kisha itafune tena. Endelea hivyo kama nusu saa. Ukiitafuna kwa haraka unaimeza nikotini, na utapata kwikwi na kiungulia. Robo saa kabla, usinywe kahawa, soda wala juisi, kwa sababu asidi huzuia nikotini kuingia mwilini kupitia mdomoni.

Si kila kemisti huweka dawa hizi, kwa hiyo ulizia mapema, si siku yenyewe. Muone daktari kwanza kama una mimba, una ugonjwa wa moyo, au unatumia dawa za akili au za pumu. Moshi huharakisha ini kuvunja baadhi ya dawa, na ukiacha, kipimo chako huenda kikahitaji kubadilishwa. Kafeini pia ni hivyo hivyo. Punguza kahawa iwe nusu, la sivyo utatetemeka na kukosa usingizi ukidhani ni sigara unayoikosa.

Hatua ya 5: Funga milango jana yake

Waambie watu wawili au watatu wanaokupenda, na uwaambie unachohitaji: "Nikiwa mkali wiki hii, nivumilie." Hifadhi namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, na ukipiga sema unataka kuacha tumbaku. Fua jaketi na mapazia. Toa viberiti na visahani vya majivu.

Halafu nenda ukalipe deni la sigara dukani. Deni hilo litakurudisha pale kaunta siku ya tatu, na siku ya tatu ndiyo mbaya. Mwambie mwenye duka tarehe yako na umwombe asikuuzie.

Hatua ya 6: Siku zenyewe

Ndani ya saa 12 hivi, kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, hurudi kiwango cha kawaida kwenye damu. Usitarajie kujisikia vizuri kwa sababu hiyo. Hasira, njaa, kukosa usingizi na akili kutotulia huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua katika wiki mbili hadi nne. Kikohozi kinaweza kuongezeka kidogo, usiogope. Lakini ukikohoa damu au kifua kikikubana, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Hamu moja hudumu dakika chache tu. Tazama saa. Kunywa maji taratibu, vuta pumzi ndefu, ondoka ulipo, fungua daftari usome umeandika nini mbele ya mstari huo.

Ukiteleza ukavuta, usitupe mpango wala usibandue kibandiko kwa aibu. Andika sigara hiyo kama ulivyoandika zile za wiki ya kwanza. Mzee wangu aliteleza siku ya kumi na moja. Alinisomea mwenyewe: "Saa 7 mchana, matanga, na shemeji, huzuni, 4." Tulikaa kimya kidogo, kisha tukaongeza mstari mmoja kwenye mpango wake: matangani awe anaomba kazi ya kugawa chai, birika mkono mmoja, vikombe mkono wa pili.