Kutafuta msaada wa kigugumizi wakati kusema kwenyewe ndiyo kazi

Naitwa Bakari, na B ndiyo herufi inayonikaba kuliko zote. Mwenye kigugumizi akitaka msaada hutakiwa kwanza apige simu, kisha ataje jina lake dirishani huku watu nyuma yake wanasonya. Wengi hugeuka hapohapo wakarudi nyumbani.

Basi andika. Kwenye karatasi weka jina lako, nambari ya simu na maneno haya: "Nina kigugumizi. Naomba kuonana na mtaalamu wa tiba ya usemi." Mpe wa mapokezi, umtazame usoni. Kabla ya kutoa nauli, tuma ujumbe kuuliza kama mtaalamu huyo yupo na ni siku gani, au mwombe ndugu yako apige simu nawe umekaa kando yake.

Anzia hospitali kubwa ya rufaa. Kama hawajui umwone nani, ulizia kitengo cha masikio, pua na koo, au wanakofanyia mazoezi ya viungo. Hao mara nyingi wanajua pa kukuelekeza. Wataalamu wa usemi ni wachache kwetu Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianza shahada ya fani hii mwaka 2008 tu, kwa hivyo kungoja zamu si ajabu.

Ukimpata, muulize: umewahi kutibu kigugumizi, au watoto waliochelewa kusema tu? Utanisaidia na hofu pia? Nyumbani nifanye nini? Anayekuahidi kukiondoa kwa siku chache, au anayekuuzia dawa ya kunywa, mwache. Hakuna dawa iliyothibitishwa kukimaliza. Tiba nzuri hulegeza mkazo na kukurudishia maneno uliyozoea kuyakwepa. Mimi nilikuwa naagiza chai ilhali roho inataka biriani, kwa sababu ya hiyo B.

Kwa mtoto, usingoje awe mkubwa. Takriban watoto 5 katika kila 100 hupitia kigugumizi na wengi hukiacha wenyewe, lakini kikizidi miezi sita, au mtoto akianza kukaza uso na kuogopa kusema, au kama kiko katika ukoo, mpeleke. Hapa Kenya, muulize mwalimu mkuu au ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kuhusu kituo cha tathmini, EARC. Kwa walio chini ya miaka sita kuna tiba iitwayo Lidcombe, iliyoanzia Sydney, ambayo mzazi mwenyewe huifanya nyumbani kila siku akiongozwa na mtaalamu. Hata kwa video inafaa, na kwa mzazi wa Lamu hiyo ni nafuu kubwa.

Bibi zetu watasema mtoto alitekenywa sana alipokuwa mchanga. Waitikie kwa adabu, lakini asimwagiwe maji wala kutishwa ili "kishtuke." Wala msimwambie "vuta pumzi" au "sema polepole." Punguzeni kasi nyinyi, na mumwache amalize sentensi yake. Mwalimu naye aelezwe kwamba mtoto anaweza kuimba kaswida na wenzake bila kukwama hata kidogo, kisha akakwama kusoma peke yake. Hajifanyi, kigugumizi ndivyo kilivyo. Akianza kwa kusoma sambamba na mwenzake, atasoma.

Kisha tafuta wenzako. Sisi hukutana Mama Ngina, ufukweni Mombasa, baada ya alasiri, penye mihogo. Kila mmoja huagiza mwenyewe, na wengine hujitia kigugumizi makusudi kwenye neno rahisi ili kuizoea ile hofu. Mimi hicho ndicho kilichonifaa kuliko yote. Kama huna mwenzako karibu, ipo mikutano ya mtandaoni, hasa kuelekea tarehe 22 Oktoba, siku ya kimataifa ya kigugumizi. Mara ya kwanza waweza kukaa ukasikiliza tu.