Muuza kahawa kwa rangi zisizo zake

Jioni karibu na Ngome ya Yesu: muuza kahawa, dele (birika la kahawa la shaba) juu ya makaa, wazee wanne kwenye benchi. Ndiyo picha yetu ya kupaka rangi leo. Mzee mmoja uso utakuwa wa kijani, msishtuke. Mwaka 1905 mchoraji Mfaransa Matisse, katika picha ya mkewe, alimpaka mstari wa kijani katikati ya uso, na sura ikasimama.

Kwanza, paka turubai yote akriliki (rangi ya kuchanganywa na maji) ya chungwa, iliyozimuliwa kwa maji. Mimi badala ya turubai hutumia kipande cha habodi, ubao mwembamba mgumu, ni rahisi. Iache ikauke.

Pili, finya macho utazame. Wazee wanne wawe doa moja zito. Macho na vidole achana navyo.

Tatu, hapa ndipo penye kazi. Rangi ni hiari yako, giza na mwanga si hiari. Palipopigwa na jua weka njano au waridi hafifu; kivulini weka zambarau au kijani cha chupa. Kisha ipige kazi yako picha kwa simu, uigeuze nyeusi na nyeupe. Niliwahi kupaka kanzu nyekundu mbele ya ukuta wa kijani, giza lao sawa. Simu ikanionyesha kijivu kitupu, mzee hayupo.

Nne, brashi bapa ya inchi 2, ishike mwisho wa mpini, mkono uanzie begani. Mguso ukishatua, uache. Ukirudiarudia unapata tope. Dele langu lilikuwa miguso mitatu: samawati tumboni, zambarau mdomoni, na nukta ya njano pale jua lilipoigonga shaba.

Swali: Mwalimu, akriliki inanikaukia sahanini.
Jibu: Joto letu hili, ndugu yangu! Toa rangi kidogo kidogo, unyunyizie maji, na ukipumzika funika kwa kitambaa kibichi.

Swali: Nyeusi natumia?
Jibu: Mimi siweki. Buluu iliyokolea na kahawia zinatosha.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimemchora mama, leso nyekundu nimeipaka buluu. Hilo kalikubali, ila anataka jina la leso lisomeke.
Jibu: Marahaba mwanangu. Ukianza herufi utashika brashi ndogo, na ukishaishika utataka kuchora na kope. Piga michirizi miwili ya nyeupe, basi. Mama akitaka kusoma, leso si anayo?