Kabla hujapanda daladala na kitabu: mambo ya kuzingatia

Kwanza jua gari yako ni ipi. Hapa Unguja mtu wa gari namba 505 anaetoka uwanja wa ndege kuja mjini si sawa na mtu wa namba 116 anaetoka Nungwi, kaskazini kabisa, wa mwanzo akishafungua ukurasa mara keshafika, wa pili ana zaidi ya saa nzima na gari inasimama kila penye mtu. Safari fupi inataka kitu kinachokubali kukatwa. Mimi kwa hizi nasema mashairi, ubeti mmoja wa mistari minne, mizani 16 kila mstari, unaumaliza gari haijaondoka hata kituoni, afu unafunga kitabu unautafuna mdogo mdogo mpaka unashuka. Safari ya shamba, yani nje ya mji, ndo ya riwaya, hasa ilokatwa vipande vifupi, mfano Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wetu wa Unguja alopata Nobel 2021, kwa Kiswahili ipo tangu 2022, kaifasiri Ida Hadjivayanis, na ndani mna msafara wa biashara unaoingia bara kwahivo hata foleni huioni.

La pili, na kwangu hili ndo kubwa, ni watu. Gari zetu za mabenchi ya pembeni mnakaa mnatazamana, ukipanda unatoa salamu, na bibi alokaa mbele yako akikuuliza wewe mtoto wa nani basi kitabu kinafungwa, unamjibu unamtazama. Kwahivo chagua kitu ambacho ukikiacha katikati ya sentensi hakikupotei. Vitabu vya mtihani vinavotaka kalamu na utulivu viache nyumbani, mana mkono mmoja umeshika bomba na mwengine umempakata mtoto wa mwenzio.

Angalia na jua liko upande gani. Asubuhi ukitoka kaskazini kuja mjini jua linatokea kushoto, ukikaa benchi la kushoto linakupiga mgongoni na mwanga unaanguka juu ya ukurasa, ukikaa la kulia linakuingia machoni njia nzima. Masika, Machi mpaka Mei, maturubai yanashushwa na ndani panakuwa kiza, hapo maandishi madogo utaumia macho bure.

Simu nayo ni sawa, ila daunlodi usiku ukiwa na bando na uchaji kabisa, na ongeza ukubwa wa herufi kabla hujatoka. PDF ya ukurasa mpana kwenye kioo kidogo, gari inaruka mashimo, hiyo ni adhabu.

Kama wewe ni mtu wa kichefuchefu usijilazimishe, macho yametulia kwenye maandishi na masikio ya ndani yanahisi gari inayumba, mwili unachanganyikiwa. Weka hedifoni usikilize kitabu au kisomo huku unatazama nje mbali.

Ramadhani wengi wetu tunahitimisha Qurani, juzuu 30 kwa siku 30, na juzuu moja ni kama kurasa 20 tu, kwenda na kurudi shamba unaweza ukaimaliza. Hapo tia udhu nyumbani kabisa, msahafu uwe mdogo wenye zipu, na usiuweke chini miguuni kwenye makapu ya samaki hata gari ijae vipi.

Na nauli iwe mfukoni peke yake tayari, usiifanye alama ya ukurasa.