Kabla ya kuchimba msingi Kisumu: stima huokolewa kwenye ramani

Nyumba yangu ya mtaa wa Mamboleo, hapa Kisumu, niliielekeza magharibi makusudi, ili jioni nikae sebuleni nikilitazama jua likizama. Huu mwaka wa tatu nalitazama kupitia pazia zito, feni ikizunguka kwa kasi ya mwisho. Ndiyo maana mtu akiniuliza aanze na lipi, humwambia aanze na mwelekeo, wakati ramani bado ni penseli.

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Saa sita mchana jua huwa juu ya utosi, na hata linapohamia kaskazini mwezi wa Juni au kusini mwezi wa Desemba, halisogei mbali na utosi zaidi ya nyuzi 24 hivi. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini hulindwa na upenu peke yake: paa likijitokeza sentimita 60, kivuli cha saa sita hushuka zaidi ya mita 1.3 ukutani hata miezi hiyo. Mashariki na magharibi mambo ni mengine, kwa sababu jua huja likiwa chini na kupenya moja kwa moja. Basi pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, na upande wa magharibi uachie stoo, choo au ngazi. Ikiwa ploti ni ile ya futi 50 kwa 100 na barabara imeshakuamulia, jenga veranda yenye kina upande huo, au panda mti mapema. Na kabla ya kumlipa mchoraji, nenda ukasimame kwenye ploti saa kumi jioni, pale pale sebule itakapokuwa.

Halafu upepo. Mchana huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Kila chumba kikiwa na madirisha mawili yanayotazamana, au hata kwenye kuta mbili tofauti, upepo huo hufanya kazi ya feni bure. Madirisha ya kuslaidi yanapendwa siku hizi kwa sababu yanapendeza, lakini hufunguka nusu tu. Umelipia dirisha la futi sita, unapata hewa ya futi tatu. Ya kufungua nje au ya louva hutoa karibu nafasi yote. Kuna jambo ambalo wachoraji wengi husahau: mbu. Huku kwetu kwenye malaria, saa kumi na mbili jioni kila mtu hufunga madirisha, na joto lote la mchana linabaki ndani mmelala nalo. Bei ya neti za madirisha iingie kwenye bajeti tangu mwanzo, isingoje mpaka watu wahamie.

Paa: mabati ya rangi nyeupe au ya maziwa hunyonya joto kidogo kuliko yale meusi yanayoonekana kila mtaa. Weka dari, na uache matundu ya hewa chini ya paa ili joto litoke.

Anayejenga Nakuru asinakili haya yote. Mji ule uko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na usiku wa Julai ni wa blanketi mbili. Huko jua la asubuhi kwenye chumba cha kulala ni neema, na kuta nene za mawe hutunza joto mpaka usiku.

Upande wa sheria, Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024 zilianza kutumika Machi 2025, zikachukua nafasi ya zile za 1968. Kwa hiyo usikubali mchoro wa zamani uliobadilishwa jina la mwenye ploti. Kibali cha kaunti kwanza, usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ndipo jembe.

Maji moto ndiyo hula tokeni kuliko taa. Shawa ya umeme huvuta kilowati 4 au 5 wakati mmoja, sawa na balbu za LED za wati 9 zaidi ya mia nne. Kanuni za mwaka 2012 ziliyataka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yapashe sehemu kubwa ya maji hayo kwa jua, na wenye nyumba wengi walizilalamikia. Hata kama huna pesa za sola leo, mwambie fundi wa mabomba alaze bomba la maji moto mpaka darini kabla plasta haijapigwa. Kuja kuvunja ukuta baadaye ndiko ghali. Friji nayo, soma nyota za kuokoa umeme kwenye lebo. Nyingi ni bora.

Na wewe unayekarabati nyumba ya zamani, usianze na madirisha. Anza na dari, kisha neti, kisha rangi ya paa. Madirisha mapya yangoje mwaka ujao.