Picha moja, simu kumi, rangi kumi: fanya hivi

Wakuu, hii naiandika kwa sababu kuna dogo anapiga picha za harusi hapa Dar, kanipigia usiku kachanganyikiwa. Kamati ya bibi harusi imemkalia kooni, sare ilikuwa kijani kilichoiva, kwenye picha alizotuma kimefubaa, ngozi za watu zimepauka, na kwenye laptopu yake kila kitu kiko poa kabisa. Na mama wa kamati usimbishie kuhusu rangi ya sare, kitambaa kakichagua mwenyewe Kariakoo na kipande cha sampuli anacho kwenye pochi. Tumelimaliza, ila maswali haya ni yale yale kila siku, acha niweke mtiririko wote.

Kwanza tuelewane. Picha kufanana asilimia mia kwenye kila simu haiwezekani, usijichoshe. Unachoweza ni kuweka upande wako kwenye kipimo kinachojulikana, ili simu ya huyu ikizidisha wekundu na ya yule ikizidisha ubluu, zote ziwe zinahama kidogo kutoka sehemu moja. Wewe mwenyewe ukiwa umeshahama kabla hujatuma, makosa yanajumlishana.

Hatua ya 1: zima vitu vinavyokubadilishia rangi kimyakimya

Night Light ya Windows, Night Shift na True Tone za Apple, mwangaza unaojirekebisha wenyewe, zima zote. HDR ya Windows nayo zima kama unaediti picha za kawaida.

Wenye laptopu hapa ndo wanapopigwa. Nyingi zina kitu cha kubana betri ambacho kinachezea kioo kulingana na kilichopo kwenye skrini. Kwa chipu za AMD kinaitwa Vari-Bright, kwa za Intel ni Display Power Saving, utakikuta kwenye setingi za grafiki. Ukichomoa chaja tu, mwangaza na kontrasti vinaanza kuhama, unafungulia vivuli kwenye picha ambayo haikuwa na giza. Mi siediti kwenye betri, umeme ukikatika nakunja kazi.

Chumba nacho: taa nyeupe ya kawaida, pazia lifungwe, na usikae mbele ya ukuta wa rangi ya machungwa.

Hatua ya 2: monita

Nitasema wazi, kabla hujanunua lenzi ya pili nunua kifaa cha kukalibreti, yaani kinachopima rangi za kioo na kuzirekebisha. Spyder ya Datacolor au za Calibrite, chochote, hata kilichotumika. Kama bei inauma changishaneni watu wanne watano, kifaa kimoja kinazunguka kwenye kompyuta zenu zote, kinatumika mara moja kwa mwezi tu. Programu ya DisplayCAL ni ya bure na inafanya kazi na vifaa vingi, mi naipenda kuliko zile zinazokuja kwenye boksi.

Washa monita nusu saa ipate moto, halafu weka malengo haya: nyeupe D65 (yaani 6500K), gama 2.2 (jinsi mwanga unavyopanda kutoka giza hadi weupe), mwangaza kama 100 hadi 120 cd/m² (kipimo cha ukali wa mwanga wa kioo). Mengine programu inakuongoza. Ukimaliza utaona kioo kama kimeingia unjano, hiyo ni kwa sababu ulizoea ubluu wa kiwandani, kaa nacho siku mbili tatu usikirudishe. Photoshop ikiwa wazi wakati unakalibreti, ifunge uifungue upya ndo isome profaili mpya (faili linaloeleza kioo chako kinavyoonyesha rangi).

Kukalibreti kwa macho kwa zile tovuti za mistari ya kijivu, hapana. Jicho linazoea kitu chochote ndani ya dakika chache.

Na ukinunua laptopu ya kueditia soma karatasi ya sifa zake. Ukikuta imeandikwa 45% NTSC (kipimo cha upana wa rangi za kioo) achana nayo, hiyo inaonyesha kama theluthi mbili tu ya rangi za sRGB, kipimo cha rangi cha kawaida cha simu na mitandao, kalibresheni haiongezi rangi ambazo kioo hakina.

Hatua ya 3: kamera

Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera. Piga kadi ya kijivu kila taa zikibadilika, ndo utaitumia kusawazisha weupe ukiediti, ukumbi ukiwa na zile LED za zambarau omba waziwashe nyeupe wakati wa picha za familia. Basi.

Hatua ya 4: profaili wakati wa kueksipoti (hapa tulia)

Hapa ndo ilipokuwa ishu ya dogo, na ndo ilipo ishu ya watu wengi, hata walioshakalibreti.

JPEG ndani yake ina namba tu. Nyekundu 200, kijani 80, bluu 60, hizo peke yake hazisemi ni rangi gani mpaka kuwe na profaili inayoeleza namba hizo zisomwe kwa kipimo kipi. Namba zile zile kwenye Adobe RGB, kipimo kipana kuliko sRGB, zinamaanisha rangi iliyokolea zaidi kuliko kwenye sRGB. Sasa ukituma faili la Adobe RGB kwa simu au apu isiyojali profaili, inasoma namba kama sRGB, kijani kinafubaa, ngozi zinapauka. Kwako inaonekana safi kwa sababu Photoshop yako inaijali profaili. Hicho tu, hamna uchawi.

Dogo kamera yake ilikuwa imesetiwa Adobe RGB na alikuwa anatoa JPEG moja kwa moja. Kuna alama ya haraka: jina la faili likianza na kistari cha chini, kama _MG_ kwa Canon au _DSC kwa Nikon, jua kamera iko Adobe RGB. Ukipiga RAW ile setingi haigusi RAW yenyewe, inagusa JPEG tu na ile picha ndogo ya kwenye kioo cha kamera, lakini irudishe sRGB tu, hakuna unachopoteza.

Kwenye Lightroom ni rahisi, dirisha la Export, Color Space chagua sRGB, imeisha. sRGB ni ya 1996, HP na Microsoft ndo waliileta, vijana wanaidharau eti ni nyembamba, lakini picha unayotuma kwa watu miatatu wa kundi la harusi haitaki ushujaa, inataka kusomeka kila mahali.

Kwenye Photoshop ndo kuna mtego. Menyu ya Edit ina vitu viwili vinavyofuatana, "Assign Profile" na "Convert to Profile", na watu wanabonyeza chochote. Convert inabadilisha namba ili rangi unayoiona ibaki ile ile, hiyo ndo unayotaka. Assign inaacha namba zilivyo na kubadilisha maana yake, kwa hiyo rangi zinaruka hapo hapo mbele ya macho yako, halafu mtu anaanza kurekebisha kwa Saturation na sasa ana makosa mawili juu ya moja. Assign itumie pale tu umeletewa faili lisilo na profaili kabisa na unajua limetoka wapi.

Ukisevu hakikisha tiki ya kuambatisha profaili ipo. Ukitumia "Save for Web" tiki ni mbili, ya kugeuza kwenda sRGB na ya kuambatisha, weka zote. Faili bila profaili kila programu inalikisia kivyake.

Kingine kwenye Color Settings, ile "working space" (kipimo cha rangi Photoshop inachofanyia kazi) weka sRGB au Adobe RGB, USIWEKE profaili ya monita yako hapo. Naona watu wakishakalibreti wanaichagua hapo kwa furaha, wanafunga kazi zao zote kwenye monita moja. Profaili ya monita inakaa kwenye Windows au Mac, programu zinaichukua zenyewe.

Msaidizi akikuletea picha za iPhone, ujue simu hizo kuanzia iPhone 7 zinapiga kwenye Display P3, kipimo kipana kuliko sRGB. Zi-convert na zenyewe, usizichanganye hivyo hivyo kwenye albamu moja.

Na hata ukifanya yote haya, kuna rangi sRGB haizibebi. Kitenge cha machungwa makali, ile taa ya zambarau ya ukumbini, vinagonga ukuta na nyuzi za kitambaa zinapotea, inabaki bonge moja la rangi. Punguza Saturation ya rangi hiyo moja kabla ya kueksipoti mpaka nyuzi zirudi. Kopi yako kubwa ya kutunza iache biti 16 kwenye ProPhoto (kipimo kipana zaidi) au Adobe RGB, mambo ya sRGB ni kwa ajili ya kutuma.

Kuhakiki: fungua JPEG kwenye Chrome au Firefox, iweke pembeni ya Photoshop. Zikifanana, na umehakikisha faili ni sRGB, uko salama. Zikitofautiana rudi juu usome tena.

Hatua ya 5: kutuma

WhatsApp tuma kama dokumenti, au weka Google Drive tuma linki. Ukituma kama picha inabanwa.

Hatua ya 6: angalia kwenye simu, lakini usiediti kwa ajili ya simu

Mi naangalia kwenye Samsung na kwenye simu moja ya bei rahisi yenye kioo cha LCD. Samsung nyingi zinakuwa kwenye "Vivid", nyekundu zinawaka. Mteja akilalamika mwambie aende kwenye setingi za skrini achague "Natural" aangalie tena, mara nyingi kesi inaishia hapo. Usirudi kupunguza wekundu kwenye faili, utamfurahisha huyo mmoja na kuwaharibia wengine.

Hatua ya 7: kuprinti

Picha zikitoka nyeusi usikimbilie kulaumu maabara, mara nyingi monita yako ina mwanga mkali mno. Ishushe, hata 80 cd/m², uediti tena moja ulinganishe.

Waombe profaili ya karatasi yao. Wakikupa, iangalie kwa "Proof Setup" kwenye Photoshop, inakuonyesha picha itakavyotoka kwenye karatasi. Wasipokuwa nayo wape sRGB. Usigeuze kwenda CMYK (rangi nne za wino wa kuchapa) kwa kujisikia tu, mashine za picha zinapokea RGB, CMYK ni ya kadi na vipeperushi, na hapo muulize mchapaji anataka ipi.

Kabla ya albamu nzima toa picha tatu ndogo: uso wa karibu, sare, na shela jeupe. Ziangalie karibu na dirisha mchana, sio chini ya taa ya dukani. Sare ikigoma, muombe mama kile kipande cha kitambaa ulinganishe nacho moja kwa moja.