Kabla ya kulazwa nusukaputi ukiwa na mshipa uliotuna kichwani

Mtu aliyeambiwa kwamba mshipa wa damu ubongoni mwake umetuna, kisha akapangiwa upasuaji wa ngiri au wa kizazi, huogopa usingizi. Kumbe usingizi mzito kwa kawaida hushusha presha. Hatari iko zaidi wakati wa kulazwa usingizi na wakati wa kuamshwa.

Ukishalala, mtaalamu wa usingizi huinua ulimi wako kwa chuma chenye taa ili apitishe mpira wa kupumulia. Mwili hushtuka hata ukiwa umelala: moyo huenda mbio, presha huweza kuruka kwa dakika chache, na ukuta mwembamba wa mshipa hulemewa. Akijua mapema, ataongeza dawa ya maumivu kama fentanili kabla ya kugusa koo, na atakuamsha kwa namna ya kuzuia kikohozi na kutapika.

Kwa hiyo mwambie yeye mwenyewe, si daktari wa upasuaji pekee. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Hapa Uganda mara nyingi anayekulaza ni ofisa wa usingizi asiye daktari, na pengine mtaonana kwa mara ya kwanza asubuhi ileile. Beba picha za CT au MRI na ripoti inayotaja mahali pa uvimbe wa mshipa na milimita zake. Usitegemee lile daftari la shule tunaloandikiwa matibabu, kurasa zake huchanika. Uvimbe wa chini ya milimita 7, hasa sehemu ya mbele, mara nyingi hukaa miaka bila kupasuka, basi upasuaji wa lazima usiahirishwe kwa woga tu.

Wengine huomba ganzi ya mgongo wakidhani ni salama zaidi. Si lazima iwe hivyo: maji ya uti wa mgongo yakivuja, msukumo unaoukinga mshipa kwa nje hupungua. Uliza, waamue wao.

Vidonge vya presha usiviache kwa uamuzi wako. Atenololi ikikatwa ghafla, presha hupanda. Enalaprili huenda ukaambiwa uiruke siku hiyo. Sigara na mairungi acha, na kama umetafuna usiku huo, sema bila aibu. Chakula kiishe muda wa saa 6 kabla ya kulazwa usingizi, na chai ya maziwa huhesabiwa chakula. Maji matupu yaishe muda wa saa 2 kabla.

Kichwa kikipasuka kwa maumivu ya ghafla ambayo hujawahi kuyapata, shingo ikakaza au kope moja likalegea, usingoje tarehe ya upasuaji. Nenda hospitali kubwa, kama Mulago, saa hiyohiyo.